Mpwa wangu anatakiwa kutengenezewa umio mpya, naomba ushauri

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mtoto wa dada yangu, tuko Kisauni, Mombasa, alikunywa kostiki soda ya kutengenezea sabuni iliyokuwa kwenye chupa ya maji. Alhamdulillahi alipona, lakini umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, uliungua na kovu limeuziba. Madaktari wameupanua mara nyingi. Unafunguka kidogo, kisha unajibana tena. Sasa analishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni, huku akiwatazama wenziwe wakila mahamri. Hilo ndilo linalotuumiza zaidi.

Daktari anasema kupanua kumefika mwisho. Atengenezewe njia mpya, ama kwa kipande cha utumbo mpana, ama kwa kuuvuta mfuko wa chakula hadi shingoni. Tumeelezwa kuwa maungio ya shingoni yanaweza kuvuja au kubana baadaye.

Waliopitia haya na watoto wao: mlichagua njia gani? Umio wa zamani ulitolewa au uliachwa? Alianza kumeza lini, na usiku chakula hakimrudii? SHA, bima ya afya ya serikali, ililipa sehemu gani? Nairobi tutakwenda ikibidi. Mimi namtaka daktari aliyewafanyia watoto wengi upasuaji huu, hata kama hospitali yenyewe si ya kifahari. Tafadhali nijibuni.