Miguu ya Khalati saa nane usiku

*Khalati Zuwena:* Asalaam alaykum. Nani yu macho? Nazunguka darini kama paka wa Lamu

*Salma (muuguzi):* Waalaykum salaam Khalati. Niko zamu huku Malindi. Miguu tena?

*Khalati Zuwena:* Miguu mwanangu. Si maumivu hasa, ni kama siafu watambaa ndani ya mfupa. Nikilala waanza, nikitembea watulia, nikirudi kitandani nao warudi

*Ami Bakari:* Baridi ya bahari hiyo. Jipake mafuta ya nazi ufunge leso

*Salma:* Ami nawe hulali?

*Ami Bakari:* Nangoja maji yajae nitoke na mashua

*Salma:* Khalati, asubuhi wawasikia hao siafu?

*Khalati Zuwena:* Wala. Ni baada ya Isha. Juzi maulidini, nimekaa mkekani, nikampiga teke bibi wa watu mara tatu. Haya ilonipata!! Wifi asema ni jini

*Salma:* 😂 Jini hamna. Na si msuli kukaza, maana ukikaza wauma na nyama yawa jiwe. Huu ni ugonjwa wa miguu kutotulia. Daktari Ekbom wa Uswidi aliueleza tangu 1945. Hutambulika kwa maelezo kama yako hayo. Siku hizi wameza dawa gani?

*Khalati Zuwena:* Vile vya mafua, vya manjano. Mafua yaliisha, lakini vyanipa usingizi

*Salma:* Ndivyo hivyo! Dawa za mafua za kulewesha usingizi huzidisha miguu. Viache. Halafu kapime damu, na usiridhike na wingi wa damu tu, omba feritini, yaani akiba ya chuma. Damu yaweza kuwa sawa na akiba imekwisha. Ikiwa nanogramu 75 kwa mililita au chini, daktari huenda akakupa chuma. Usijinunulie dukani. Figo pia wazitazame

*Khalati Zuwena:* Na chai yangu?

*Salma:* Usinywe pamoja na chakula, yazuia chuma. Ngoja saa moja au mbili. Kahawa ya usiku jaribu kuacha

*Ami Bakari:* Kahawa ya barazani? Sasa mwanigusa mimi

*Mwanaisha:* Da Salma, mimi mimba ya miezi saba na siafu ni hao hao. Nilidhani ni mtoto

*Salma:* Wajawazito huwapata sana, na wengi hupona wakishajifungua. Mwambie mkunga kliniki. Kwa sasa kandeni mashavu ya miguu, kisha itieni miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu

*Khalati Zuwena:* Nimeshabandika maji. Mwanaisha, panda darini tuzunguke wawili