Naomba ushauri: cheti cha nafuu ya kodi kimekwama jimboni

Ndugu zangu wenye biashara ndogo hapa Marekani, naomba ushauri. Mwaka 2024 niliajiri mwanajeshi wa zamani aliyekuwa akipokea msaada wa chakula, nikapeleka fomu 8850, ya kuomba cheti cha nafuu ya kodi kwa mwajiri, kwa ofisi ya kazi ya jimbo ndani ya siku 28 kama sheria inavyotaka, lakini cheti hakijatoka. Naambiwa watumishi ni wachache, kwa kuwa fedha za kuendesha mpango wa WOTC (nafuu ya kodi kwa wanaoajiri watu wa makundi yanayopata kazi kwa shida) majimboni hutoka Wizara ya Kazi ya serikali kuu. Maelezo ninayoyaelewa, ingawa hayanilipii mishahara. Bila cheti siwezi kudai nafuu hiyo, yaani asilimia 40 ya dola 6,000 za kwanza za mshahara wake, na saa 400 za kazi zinazotakiwa alishazipita zamani. Je, niwasilishe ritani bila nafuu kisha niirekebishe, au niombe kuongezewa muda?