Nembo ya kofia ya zari imepiga weusi: nawezaje kuisafisha bila kuiharibu?

Swali

Salamu kwenu nyote. Marehemu babu aliniachia nembo ya kofia ya ofisa, iliyotariziwa kwa zari, yaani nyuzi za metali, juu ya kitambaa cha sufu cha buluu iliyokoza, na mgongoni imebandikwa karatasi nyeusi ambayo imeanza kubanduka pembeni. Bibi anakumbuka kwamba shada la majani lilikuwa la rangi ya dhahabu na nyota ya katikati ilikuwa nyeupe ya fedha. Leo shada limekuwa la hudhurungi, na nyota ni nyeusi kabisa isipokuwa ndani ya mikunjo ya nyuzi, ambako mng'aro bado unaonekana nikiigeuza kwenye mwanga. Kuna pia madoa mawili madogo ya kijani, na kipande kimoja cha waya kimechomoka na kunyooka kama springi iliyovutwa. Watu watatu wamenishauri, kila mmoja na dawa yake: siki, dawa ya meno, na maji ya moto yenye bikaboneti ya soda katika bakuli lililotandikwa karatasi ya aluminiamu. Bado sijagusa kitu, kwa sababu nembo hii ndiyo kumbukumbu pekee ya utumishi wake niliyo nayo, na naogopa kuipoteza kwa haraka yangu.

Jibu la kwanza

Umefanya vyema kutoigusa, na nakuomba uziache dawa zote tatu.

Weusi huo si uchafu uliokaa juu ya fedha. Ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani na kugeuka kuwa salfaidi ya fedha, kwa hiyo kila unapousugua ukaondoka, sehemu ya fedha imeondoka nao. Kwa kijiko cha fedha hasara hiyo ni ndogo, lakini waya wa zari ni mwembamba kama unywele, na mara nyingi ni shaba iliyopakwa fedha kwa tabaka jembamba mno, kisha dhahabu ikapakwa juu yake kwa tabaka jembamba zaidi. Ndiyo maana hata shada la dhahabu limebadilika rangi: dhahabu haipati kutu, lakini tabaka lake lina vitundu visivyoonekana kwa macho, na salfa hupenya humo ikaifikia fedha iliyo chini. Madoa ya kijani yanakuambia kwamba mahali hapo shaba imekwisha kufikiwa.

Tazama pia jinsi nembo ilivyotengenezwa. Ukiwa na lenzi ya kukuzia utaona kwamba waya wa nyota ni bomba dogo lililosokotwa, lenye uwazi ndani, likakatwa vipande vifupi na kushonwa kama shanga, uzi ukipita katikati ya kila kipande. Chini yake huwa kumewekwa kadibodi, kamba au kitambaa kilichoshindiliwa ili kuinua umbo. Ukiitumbukiza nembo katika maji, kadibodi huvimba, gundi ya mgongoni huyeyuka, rangi ya sufu huchuja, na maji yaliyonaswa ndani ya mabomba hayo hukaa muda mrefu yakiila shaba kutoka ndani. Siki huongeza asidi, nayo dawa ya meno huacha chembe za kukwaruza ambazo hutaweza kuzitoa tena.

Unachoweza kufanya salama ni kazi kavu. Laza nembo juu ya kitambaa cheupe safi, chukua brashi laini ya mchoraji, na ufagie vumbi taratibu kwa kufuata mwelekeo wa waya, bila kuukata mwelekeo huo. Kifyonza vumbi kishikwe pembeni, kikiwa kwenye nguvu ya chini kabisa, na mdomo wake ufunikwe kwa kitambaa cha neti ili kipande kilicholegea kisimezwe. Vumbi huvuta unyevu, na unyevu huharakisha kutu, kwa hiyo kulitoa tu ni matibabu tosha hata kama rangi haitabadilika sana.

Jibu la pili

Naunga mkono maneno hayo kwa uchungu, maana mimi nilikosea. Nilikuwa na jozi ya nembo za bega, zari ya fedha juu ya kitambaa chekundu, nikatumia pamba ya kijiti iliyochovywa katika dawa ya maji ya kung'arishia vyombo vya fedha. Kwa dakika chache nilifurahi, kwa sababu waya uling'aa kama mpya. Kisha nikaona wekundu ukipanda kwenye nyuzi nyeupe za kushonea, na dawa ikawa imezama katika sufu ambako sikuweza kuisuuza. Baada ya miezi kadhaa fedha ikawa nyeusi kuliko mwanzo, tena kwa mabaka, na pale nilipogusa sana ikabaki rangi nyekundu ya shaba tupu. Nembo ya pili sikuigusa. Nikiziweka pamoja, ile iliyofifia kwa usawa ndiyo yenye hadhi.

Jibu la tatu

Naongeza jambo moja ambalo halijasemwa: si kila uzi unaong'aa ni fedha. Nembo nyingi za Ujerumani za miaka ya 1930 na 1940 zilitariziwa kwa uzi wa aluminiamu, ambao haupigi weusi bali hufifia ukawa wa kijivu, na bikaboneti ya soda huula. Nyota nyeusi kama ya muulizaji haiwezi kuwa aluminiamu, lakini msomaji mwingine mwenye nembo ya kijivu ajue kwanza anashika nini.

Kuhusu spiriti, ambayo wengi huisifu kwa kuondoa mafuta ya vidole, mimi naiogopa kidogo kuliko maji, lakini siiruhusu bila kuijaribu nyuma ya nembo. Baadhi ya nyuzi zilipakwa vanishi ili zisifubae, na spiriti huiyeyusha vanishi hiyo.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimepitisha brashi kwa muda wa saa nzima, na tofauti ni kubwa kuliko nilivyotarajia: shada limerudisha wekundu wa dhahabu kwenye migongo ya majani, ingawa nyota bado ni nyeusi, na sasa nimeridhika ibaki hivyo. Nimeihifadhi katika mfuko wa plastiki, ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha sufu. Je, hapo ni salama?

Jibu la kwanza

Hapana, itoe leo. Sufu ina salfa kwa asili yake, na ile iliyo katika nembo yenyewe inatosha, usiiongezee nyingine. Mifuko laini ya plastiki aina ya PVC hutoa asidi kadiri inavyozeeka, na mipira ya kufungia ni mibaya kuliko vyote kwa sababu ya salfa iliyomo. Ifunge katika karatasi laini isiyo na asidi, iwe imelala, uso juu, wala usiikunje. Weka kisanduku mahali ambapo unyevu wa hewa hauzidi asilimia 50, pamoja na vijipakiti vya silika, vinavyonyonya unyevu, ambavyo utavikausha vinapolowa. Kitambaa maalumu chenye chembe za fedha, kikizungushwa nje ya kisanduku, hunasa salfa kabla haijaifikia nembo.

Waya uliochomoka usiukate wala usijaribu kuurudisha msokoto wake, kwa kuwa springi ikishavutwa hairudi. Ulaze kando ya wenzake, kisha uushikize kwa mshono mmoja wa uzi mwembamba wa hariri unaopita juu yake, si ndani yake, na usiukaze uzi huo.