Naombeni ushauri: tuhamie Arusha au tubaki Moshi?
Wakuu habari zenu, tuko wanne hapa Moshi tunaandika programu, tunashirikiana na jamaa wa Njiro, Arusha, wataalamu wa udongo kutengeneza kifaa cha kupima unyevu shambani. Ni kilomita kama 80 tu, ila kwenye simu mambo hayaendi kabisa, tukikaa nao siku moja mezani, kifaa kimefunguliwa kila mtu anashika waya, tunatatua kilichotusumbua wiki tatu. Sasa wenzangu wanataka tuhamie hukohuko, mi naogopa kodi, halafu Ron Boschma, mtafiti wa jiografia ya uchumi, aliandika 2005 kuwa ukaribu wa mahali pekee hautoshi, kuaminiana na kuelewana kitaalamu navyo vinahitajika. Waliowahi kuhama mlifaidika kweli? Au kwenda kila Alhamisi inatosha?