Ushindi wa Masihi: umekamilika leo, au kuna sehemu tunayoingoja?

Mleta mada

Bwana Yesu asifiwe. Naandika nikiwa na uchungu, mnivumilie.

Baba yangu mdogo, mzee wa Marangu, ameuza kipande cha kihamba, shamba letu la urithi wa ukoo, na fedha yote akaitoa iwe mbegu, yaani sadaka ya kuvuna baraka, kwenye huduma moja hapa Moshi mjini. Amefundishwa kwamba Masihi ameshashinda, hivyo mtoto wa Mfalme hastahili kuhangaika na migomba na kahawa. Kwenye kipande hicho wamelala babu na bibi.

Msimamo wangu ni huu. Wakolosai 2:15 inasema enzi na mamlaka zilivuliwa pale msalabani, na hilo siliachii. Lakini Paulo huyohuyo, 1 Wakorintho 15, anasema Kristo sharti amiliki mpaka maadui wote wawe chini ya miguu yake, na adui wa mwisho ni mauti. Makaburi yale katikati ya migomba bado yamefungwa. Sisi Walutheri tuna Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani yetu: kifungu cha 17 kinakataa fundisho kwamba wacha Mungu watautwaa ufalme wa dunia kabla ya ufufuo wa wafu. Nani anakifundisha siku hizi?

Mchangiaji wa kwanza

Pole kwa mzee. Ila kosa la mhubiri mmoja usilitwike Injili. Mathayo 12:28, Yesu anatoa pepo na kusema ufalme wa Mungu *umekwisha* kuwajilia. Mimi nilipelekwa kwenye maombi Arusha nikiwa mlevi wa gongo, nyumbani wameshanikatia tamaa. Huu mwaka wa 9 sijaigusa. Ufalme huo niungoje wapi tena? Makanisa yenu yanajua kuzika kwa heshima. Kumfungua mtu aliye hai mmewaachia wengine.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni Msabato. Tunafundisha kwamba ile miaka elfu ya kutawala pamoja na Kristo, ya Ufunuo 20, watakatifu watakuwa mbinguni, na dunia hii itakuwa ukiwa. Kuhusu haraka, tunayo historia: kule Marekani wafuasi wa mhubiri William Miller walimngoja Yesu tarehe 22 Oktoba 1844, na wapo walioacha mazao shambani. Hakuja. Kanisa letu lilizaliwa katika majonzi yale, ndiyo maana hatupangi tarehe.

Mleta mada

Ndugu wa Arusha, umenigusa. Hilo neno "umekwisha" siwezi kulipunguza, na miaka 9 bila gongo ni ufalme kweli. Ila hata Lazaro alitolewa kaburini, kisha siku ikafika akafa tena. Ishara ilikuwa ya kweli, na mauti bado yakabaki. Na wewe ulipofunguliwa, kuna aliyekudai kiwanja?

Wathesalonike walipoacha kazi kwa ajili ya habari hizi za siku ya Bwana, Paulo aliwaandikia kwamba asiyetaka kufanya kazi, asile chakula. Hakuwaambia wauze mashamba. Basi nauliza tena: mhubiri anayemwambia mzee kwamba urithi wake wote ni wa leo, amemwachia nini cha kutumainia siku akilala pale alipolala baba yake? Na sasa hata hapo pa kulala amepauza.

Mnunuzi ametuambia Desemba hii tunaweza kuingia kupalilia makaburi. Ya mwakani hajasema.