Tutumie kigezo gani kuwapima mabondia wa leo mbele ya magwiji wa kale?

Mkazi wa Pasua (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Tangu Terence Crawford alipomshinda Canelo Álvarez kwa pointi huko Las Vegas, Septemba 2025, pambano ambalo wengi wetu tulilitazama Jumapili asubuhi kabla ya kwenda ibadani, kijiwe chetu hapa Pasua kimegawanyika. Vijana wanasema kwamba mtu aliyekuwa bingwa asiyepingika (mwenye mikanda yote mikubwa) katika uzito wa paundi 140 mwaka 2017, paundi 147 mwaka 2023 na kisha paundi 168, hana mwenzake isipokuwa Sugar Ray Robinson, gwiji wa Marekani wa miaka ya 1940 na 1950, na wapo wanaothubutu kumweka juu ya Robinson mwenyewe. Wazee wanajibu kwamba baada ya Muhammad Ali na Roberto Durán ngumi ziligeuka biashara ya mikanda, na kwamba ukubwa wa bondia hauwezi kuhesabiwa kwa vyuma vilivyofungwa kiunoni.

Sitafuti mshindi wa ubishi huu. Ninachoomba ni kigezo. Je, tuangalie rekodi isiyo na doa, idadi ya uzito aliotawala, wapinzani aliowakuta, au ufundi tunaouona kwa macho? Na kwa kigezo hicho, kati ya Floyd Mayweather wa Marekani, Manny Pacquiao wa Ufilipino, Oleksandr Usyk wa Ukraine, Crawford na Naoya Inoue wa Japani, nani anaingia katika ishirini bora wa wakati wote?

Mzee wa Kaloleni (Arusha)

Kijana wangu, anza kwa kuiweka kando hiyo rekodi isiyo na doa, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wengi. Robinson alipigwa na Jake LaMotta mwanzoni mwa Februari 1943. Wiki tatu baadaye akarudiana naye na kumshinda, kisha hakupoteza tena hadi Julai 1951, Randy Turpin alipomshinda jijini London. Miezi miwili baada ya hapo alimsimamisha Turpin. Mtu wa namna hiyo ana vipigo katika kitabu chake, lakini ni vipigo vya mtu aliyekuwa akipanda ulingoni mara nyingi kwa mwaka na aliyekubali kurudiana na kila aliyemtatiza.

Tena yapo mapambano ambayo aliyeshindwa alitoka akiwa mkubwa kuliko alivyoingia. Mwaka 1982 Azumah Nelson wa Ghana aliitwa kwa muda mfupi kuziba nafasi ya bondia mwingine dhidi ya bingwa wa dunia Salvador Sánchez mjini New York. Wamarekani hawakumjua, naye aliusukuma ule mchezo hadi raundi ya 15 ndipo aliposimamishwa. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia baada ya kumwangusha Wilfredo Gómez huko Puerto Rico, nyumbani kwa Gómez. Ukimpima Nelson kwa kuhesabu alipopoteza, utamkosa kabisa.

Kuhusu mikanda, kumbuka kwamba Henry Armstrong alishikilia mataji matatu kwa wakati mmoja mwaka 1938, zama ambazo uzito uliotambuliwa ulikuwa minane na kwa kawaida kila uzito ulikuwa na bingwa mmoja. Leo uzito ni angalau 17 na mashirika makubwa ni manne: WBA, WBC, IBF na WBO. Ndiyo maana neno "bingwa wa dunia" pekee halinitishi, ila "bingwa asiyepingika" linanifanya nisikilize, kwa kuwa anayeitwa hivyo amekusanya yote manne na hakuacha mtu pembeni mwenye madai.

Kigezo changu kwa hiyo ni kimoja: alimpiga nani, na huyo aliyepigwa alikuwa katika hali gani siku hiyo. Kwa kigezo hicho namkubali Oleksandr Usyk bila kusitasita, nami si mwepesi wa kuwakubali watu wa siku hizi. Alichukua taji lake la kwanza Poland mikononi mwa Mpoland, akampiga Marco Huck Berlin, Mairis Briedis Riga na Murat Gassiev Moscow, kisha Tony Bellew Manchester, yote ugenini. Alipopanda uzito wa juu akamshinda Anthony Joshua London, na Mei 2024 akampa Tyson Fury kipigo cha kwanza cha maisha yake, ilhali Fury alikuwa mzito kuliko yeye kwa zaidi ya kilo 15. Mwaka huohuo wakarudiana na Usyk akashinda tena. Nitajieni bondia wa uzito wowote, baada ya miaka ya 1980, aliyefanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Mtetezi wa Sakina (Arusha)

Mzee wangu, shikamoo. Nakubaliana na kigezo chako, lakini ninaona kinatumika kwa upendeleo kila jina la Floyd Mayweather linapotajwa. Husemwa kwamba alimsubiri Manny Pacquiao azeeke na kwamba alimwahi Canelo angali mchanga. Ni kweli kwamba Pacquiao alikuwa na miaka 36 walipokutana Mei 2015, na Canelo alikuwa na miaka 23 mwaka 2013. Lakini mbona hatusemi kwamba Mayweather mwenyewe alikuwa na miaka 38 dhidi ya Pacquiao na 36 dhidi ya Canelo? Katika yote mawili yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri.

Ninachokubali ni kwamba ushindi 50 bila kushindwa usitajwe kana kwamba ni hoja iliyokamilika, maana wa 50 aliupata dhidi ya Conor McGregor, mtu aliyekuwa akicheza ngumi za kulipwa kwa mara ya kwanza, na pambano lake la kwanza na José Luis Castillo mwaka 2002 lina watazamaji wengi ambao hadi leo wanaamini kwamba alipoteza. Hata hivyo, kuwa bingwa katika uzito tano tofauti kwa kutoguswa sawasawa ni sanaa ambayo sijaona mwingine akiiendesha kwa muda mrefu namna ile.

Kocha wa ridhaa (Ngarenaro, Arusha)

Nawafundisha vijana wa ngumi za ridhaa, kwa hiyo mniwie radhi nikiangalia miguu kabla ya mikanda.

Crawford namweka ndani, ingawa kwa tahadhari. Ufundi wake hauna mjadala: anaanza kwa mkono wa kulia, anageuka kuwa mashoto katikati ya raundi, na mpinzani hapati nafasi ya kusoma ngumi inatokea wapi. Tuliona alivyomtesa Errol Spence Julai 2023 hadi mwamuzi akasimamisha katika raundi ya tisa. Sisi Waafrika tulionja mapema zaidi, Julius Indongo wa Namibia alipofika Marekani na mikanda miwili mwaka 2017 na kuangushwa kwa ngumi ya mwili katika raundi ya tatu. Tatizo langu ni orodha ya wapinzani wake. Spence alikuwa amepata ajali mbaya ya gari mwaka 2019, Canelo alikuwa na miaka 35 na mapambano zaidi ya 60 mwilini, na miaka mizuri ya Crawford ilipita bila majina makubwa. Kwa upande mwingine, alikuwa amepigana mara moja tu katika paundi 154 kabla ya kuruka hadi 168, naye akikaribia miaka 38. Mruko huo unafidia mengi.

Jambo moja mzee hakuligusa ni mizani. Zamani bondia alipimwa siku ileile ya pambano. Leo anapimwa siku iliyotangulia, anakunywa maji na kula usiku kucha, na anaingia ulingoni akiwa mzito zaidi ya uzito ulioandikwa. Kwa hiyo paundi 147 za Robinson si paundi 147 za Spence. Hapo ndipo Pacquiao anaponishangaza, kwa sababu alianza na taji la paundi 112 mwaka 1998 na mwaka 2010 akampiga Antonio Margarito, mtu aliyeonekana kama ukuta mbele yake, akatwaa taji katika uzito wa nane. Juan Manuel Márquez alimlaza kifudifudi mwaka 2012, na hilo halimpunguzii kitu kwangu.

Dada wa Kiboriloni (Moshi)

Orodha ya aliyeuliza imewasahau wanawake. Claressa Shields ana dhahabu mbili za Olimpiki, 2012 na 2016, na amekuwa bingwa asiyepingika katika uzito tatu tofauti. Ila kigezo cha mzee kinambana, kwa kuwa wapinzani wa kweli katika uzito wake ni wachache. Kwa hiyo mimi namtanguliza Katie Taylor, aliyekutana na Amanda Serrano mara tatu na kushinda zote, japokuwa ile ya pili ilinipa mashaka.

Mkazi wa Pasua (Moshi)

Nawashukuru. Naona Usyk na Pacquiao hawana mpingaji, na Mayweather na Crawford wanaingia kwa masharti. Hakuna aliyemgusa Naoya Inoue. Amekusanya mikanda yote katika paundi 118 na 122, ila Luis Nery alimwangusha mwaka 2024 na Ramón Cárdenas mwaka 2025. Je, hilo linamtoa?

Kocha wa ridhaa (Ngarenaro, Arusha)

Halimtoi. Aliinuka akawamaliza wote wawili, na mwaka 2019 alimshinda Nonito Donaire huku mfupa wa jicho ukiwa umevunjika tangu raundi za mwanzo. Ninachosubiri kwake ni mpinzani wa kiwango chake akiwa bado na nguvu zake zote. Bila huyo namweka nje ya ishirini, karibu na mlango.