Mbwa wa kazi: mkulima aruhusiwe kuwinda nguruwe pori kwa mbwa, au mbwa abaki mlinzi tu?

Mtoa hoja (mkulima, Mkoa wa Lindi)

Ndugu wachangiaji, naleta mezani jambo ambalo kijijini kwetu tunalizungumza kila masika mahindi yanapoanza kubeba, na kila mwaka tunaliacha pale pale tulipolikuta. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, imemweka mbwa katika orodha moja na sumu, mitego ya waya, nyavu, mashimo na taa za kumulikia wanyama usiku: hairuhusiwi kuwinda mnyamapori kwa kutumia mbwa, isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori iliyoombwa na kupatikana kabla. Swali langu ni hili: je, mamlaka ya kutoa idhini hiyo yateremshwe hadi wilayani, ili kijiji kiweze kuwa na kikundi cha wakulima na mbwa walioandikishwa kwa ajili ya nguruwe pori, au yabaki huko huko juu yaliko?

Kwa asiyewahi kulima huku, nieleze nguruwe anavyofanya. Huja usiku na kundi lake, akaangusha bua, akatafuna hindi kidogo, akaliacha, akaenda kwenye bua jingine, hata kukipambazuka anachokuwa amekikanyaga ni kingi kuliko alichokula. Muhogo anaufukua kwa pua utadhani ameshika jembe. Kwa hiyo mkulima huhamia shambani, hujenga dungu, akalala humo mpaka mavuno. Na dungu kwetu lina historia yake. Watafiti waliohesabu mashambulizi ya simba nchini walipata watu zaidi ya 560 waliouawa kati ya mwaka 1990 na 2004, na wilaya za kusini mashariki, Lindi na Rufiji zikiwamo, ndizo zilizoumia zaidi. Moja ya sababu walizozitaja ni huyu huyu nguruwe: simba humfuata shambani, kisha humkuta mtu amelala kwenye kibanda cha makuti.

Mimi ninao mbwa wanne, wote wa kienyeji. Mkubwa wao ana rangi ya udongo, na sikio lake la kushoto lina pengo aliloachiwa na nguruwe dume miaka mitatu iliyopita. Usiku akisikia kishindo hasimami ovyo na kubweka. Hunyoosha shingo, malaika yakamsimama mgongoni, akanguruma chini kwa chini, nami hapo ndipo ninapoamka, maana kwa mtu anayepita njiani hubweka moja kwa moja. Tangu nianze kulala naye shambani sijapoteza hata robo ya nilichokuwa nikipoteza. Lakini sheria inanitatiza hapa: anapobweka ni mlinzi, na hakuna askari atakayenigusa. Akimfukuza nguruwe hadi kwenye kichaka cha pembeni na kumkamata huko, tayari mimi ni mwindaji haramu. Kati ya bua la mwisho la shamba langu na kile kichaka ni hatua kumi na mbili. Nani atamwonyesha mbwa mpaka?

Mchangiaji (Kilwa)

Naomba kuuliza bila kumvunjia mtu heshima. Wengi wetu ukanda huu ni Waislamu. Mbwa ni najisi, nguruwe ni haramu. Hiki kikundi kitakuwa cha nani, na nyama itakwenda wapi?

Daktari wa mifugo (Mkoa wa Mara)

Ndugu mtoa hoja, nimekusoma kwa makini na sina ubishi na sikio la mbwa wako. Ubishi wangu ni juu ya mbwa wa jirani yako, na wa jirani yake, ambao wataandikishwa katika kikundi hicho siku idhini itakapofika wilayani.

Nafanya kazi upande wa magharibi wa Serengeti, ambako vijiji na mbuga vimepakana uzio hakuna. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa kawaida wa mbwa, viliwaingia simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi moja yao katika muda wa miezi michache. Mbwa wa vijijini ndio waliotajwa kuwa chanzo. Tangu hapo vijiji vinavyoizunguka hifadhi vimekuwa vikifanyiwa kampeni za kuchanja mbwa, kazi ambayo nimeishiriki mara nyingi na ambayo ningependa kila mwenye hoja ya kulegeza sheria aje aione kwa siku moja. Mbwa huletwa na watoto, wengine wakiwa wamefungwa kamba za katani, wengine wamepakatwa, wengine wanaburutwa wamekaza miguu yote minne. Wanaobaki nyumbani ni wale wakali, wale ambao mtoto hawezi kuwashika. Na hao wakali, mzee wangu, ndio hasa mbwa wa kuwindia. Yule anayekutana na wanyama wa porini kuliko wenzake wote ndiye asiyefika kwenye sindano.

Sisemi habari za kufikirika. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kwa mwaka, na watoto ndio wanaong'atwa kwa wingi. Dalili zikishatokea hakuna tiba. Kinachookoa ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kuchomwa chanjo mapema, chanjo ambayo kwa familia ya kijijini bei yake na nauli ya kuifuata ni mzigo mkubwa. Ili ugonjwa usizunguke, inatakiwa mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Kisiwa cha Pemba kilifanikiwa kuutokomeza kwa kampeni za kuchanja mbwa, kisha ukarejea mwaka 2016 kwa kuletwa kutoka nje ya kisiwa, ikabidi kazi irudiwe mpaka ukaisha tena. Na huko kwenu Lindi na Mtwara uchunguzi uliofanywa ulikuta jambo lisilo la kawaida: mbweha walikuwa sehemu kubwa ya wanyama waliougua kichaa. Wewe unataka kuwapeleka mbwa kichakani waliko mbweha. Mimi nasema mbwa abaki shambani, na idhini ibaki kwa Mkurugenzi, hata kama ni usumbufu, kwa sababu usumbufu huo ndio unaopunguza idadi.

Mchangiaji (Unguja Kusini)

Assalaam alaykum. Nianze na ndugu yetu wa Kilwa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo halina mjadala. Lakini dini haikumfungia mbwa mlango wote. Aya ya 4 ya Sura al-Maida inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa, likitajwa jina la Mwenyezi Mungu, na hadithi zinazokemea kufuga mbwa zimetoa nje mbwa wa aina tatu: wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba. Swahaba Adiy bin Hatim alimwuliza Mtume mambo ya mbwa wa kuwindia kwa undani mkubwa, mpaka pale mbwa anapokula sehemu ya windo mwenyewe. Kwa hiyo babu zetu wasasi wa Makunduchi na Kizimkazi hawakuwa waasi wa dini; walijua wanachokifanya, na walijua pia pa kumlaza mbwa, yaani nje. Nyama ya nguruwe hawakuila. Waliacha, au walichukua wasiokatazwa, na hilo la biashara nitalirudia.

Baada ya kusema dini inaruhusu, msimamo wangu ni kwamba sheria isilegezwe, na sababu nimeiona kwa macho yangu. Msako wa kwetu hutangazwa kuwa ni wa nguruwe na tumbili wanaoharibu mazao. Watu hukusanyika, nyavu zikatandazwa upande mmoja wa msitu wa mawe, mbwa wakaingizwa upande wa pili. Sasa, mbwa hakusomewa tangazo. Anachokikurupusha ndicho anachokifukuza, na mara nyingi anachokikurupusha ni paa nunga, mnyama mdogo mwekundu mwenye doa jeupe nyuma, ambaye duniani kote anapatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya tu. Paa hana pembe ya kumtisha mbwa wala mbio za kumaliza siku. Nguruwe hupigana na kujeruhi, paa hufa. Ukihesabu jioni, mnyama aliyetajwa kwenye tangazo ni mmoja, na wasiotajwa ni watatu.

Na nyama ya nguruwe ikishapata mnunuzi, kikundi cha kulinda mahindi huendelea kuwinda hata mahindi yakishavunwa. Hili ndilo jibu la swali lako la pili, ndugu wa Kilwa, na ndilo linalonitisha zaidi.

Mchangiaji (Makueni, Kenya)

Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na sheria ya mwaka 2013 ikakaza zaidi, hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa. Je, watu waliacha kuwinda kwa mbwa? Hawakuacha. Huenda usiku na mbwa, wakimmulika digidigi na tochi. Marufuku imetuondolea jambo moja tu: hakuna anayethubutu kumleta mbwa wake hadharani akasema huyu ni wa kuwindia, achanjwe.

Mfuga mbwa (Iringa)

Mjadala umeelemea kwenye sheria na magonjwa, sawa, lakini hakuna aliyeuliza ni mbwa gani tunayemzungumzia, na mimi naona hapo ndipo penye mzizi. Mithali inasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na watu wengi wanaichukua kana kwamba ukali ndio sifa ya mbwa wa kazi. Kwa hiyo wananunua mbwa wa kizungu, German Shepherd au Boerboel, au chotara wao, kwa bei ya ng'ombe, wanampeleka shambani, na kabla ya mwaka kwisha kupe na mbung'o wamemmaliza. Mbwa koko unayemdharau amepitia mchujo huo vizazi kwa vizazi bila kusaidiwa na daktari. Anakula ugali mkavu, ana miguu mirefu na kifua chembamba, halali usingizi mzito. Mbwa wa namna hiyo aliyechukuliwa Kongo na kupelekwa Uingereza katika miaka ya 1930 leo anafugwa kwa fahari ulimwenguni kwa jina la Basenji, jina linalotokana na neno lile lile letu la washenzi. Yaani mbwa wa washenzi ana cheti cha ukoo, nasi wenyewe tunaona aibu kumfuga.

Huyo Basenji habweki, hivyo wawindaji wa Kongo walimfunga shingoni njuga ya mti ili wajue alipo kichakani. Nataja hilo kwa ajili ya yule mkulima wa Lindi: mbwa wa kuwindia na mbwa wa kulinda hawalelewi njia moja. Mlinzi wa mbuzi huingizwa zizini akiwa na wiki nane hivi, akalala na mbuzi, akanywa nao, akawaona ndio ndugu zake; Namibia wamekuwa wakiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki kwa mtindo huo tangu mwaka 1994, ili duma asiuawe kwa kisasi. Mbwa huyo akifukuza, hurudi kundini baada ya hatua chache, kwa kuwa nafsi yake iko zizini. Wa kuwindia hufundishwa kinyume chake kabisa: afuate mpaka mwisho. Ukimtumia mbwa mmoja kwa kazi zote mbili, utampata anayeliacha shamba usiku wa manane. Kwa hiyo ninapoulizwa kama sheria ilegezwe, nasema kwanza mtu aniambie ni mbwa yupi anaombewa idhini.

Mtoa hoja (mkulima, Mkoa wa Lindi)

Nashukuru kwa michango, na nakiri kwamba nilikuja na swali moja, sasa ninayo mawili. Ndugu wa Iringa amenifumbua macho kuhusu mbwa wangu wa sikio lenye pengo. Nilikuwa namsifu kwa kumfuata nguruwe hadi kichakani. Kumbe usiku ule alipomfuata, kundi jingine liliingia upande wa mtoni, nami nikalaumu mwezi kuwa mchanga.

Daktari, sikubaliani nawe kwamba usumbufu wa idhini unapunguza mbwa. Mchangiaji wa Makueni amekujibu vizuri kuliko mimi: unaowapunguza ni wale wanaoonekana. Mbwa wakali wanaokimbia sindano yako wapo leo, chini ya marufuku hii hii, na wanaingia kichakani kila wiki. Kadi ya chanjo ingekuwa ndiyo sharti la idhini, mwenye mbwa mkali angemfunga mwenyewe mdomo kwa kamba na kumleta mbio.

Kwa ndugu yangu wa Unguja sina jibu kamili. Huku kwetu paa nunga hayupo, lakini kuna funo na ndimba, na mbwa hatawasamehe. Kwa hiyo naipunguza hoja yangu. Sitaki tena idhini ya kuingia msituni na mbwa, iwe imetolewa wilayani au kwingineko. Ninachokitaka ni sheria imtambue mbwa wa shamba kwa jina, aliyechanjwa na kuandikishwa serikali ya kijiji, na itamke kwamba nguruwe aliyekamatwa ndani ya shamba au kwenye kingo zake wakati mazao yamesimama si windo haramu, ilimradi taarifa itolewe kwa ofisa wanyamapori na nyama isiuzwe. Kingo ziwe hatua ngapi, hapo ndipo tutakapogombana, na hatua zangu kumi na mbili sitazitoa bure.

Mkutano wa kijiji ni mwishoni mwa mwezi na nimeomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda. Mtendaji ameniuliza mbwa wangu wangapi wana kadi. Ni wawili kati ya wanne, na mwenye pengo sikioni si mmojawapo.

Daktari wa mifugo (Mkoa wa Mara)

Mpeleke yeye kwanza.